Bibi Afya Hakuziamini Saa za Hatua

Ukimkaribisha Bibi Afya nyumbani, hakai mpaka awaone watoto. Sisi huku salamu ni ndefu: mmeamkaje, ng'ombe wameamkaje, migomba je, mvua huko kwenu je. Yeye alizikata katikati. "Watoto wako wapi?" Waje mmoja mmoja, awashike kidevu, awageuze kwenye mwanga, atazame kope kwa ndani, atazame mpaka nyayo. Akimaliza ndipo anavuta kigoda, anachota punje mbili za amwani kwenye kikapu cha wageni, ile kahawa yetu ya kutafuna, halafu anakuuliza habari zako wewe, tena kwa sauti ya mtu asiye na haja nazo sana.

Jina lake lipo, na Songambele nzima tunalijua, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Hata marehemu mumewe alimwita Bibi Afya. Alifanya kazi kwenye zahanati yetu miaka mingi kabla mimi sijaolewa huku. Alipostaafu walimfanyia sherehe, wakampa khanga na sufuria, akalia kidogo, na Jumatatu iliyofuata nikamwona yuko njiani na mfuko wake begani kama kawaida. Nikamuuliza, "Bibi Afya, si umestaafu?"

"Nimestaafu mshahara," akasema, akapita.

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu si wa kupoa, sikatai. Kwa hiyo yeye na mimi tuligombana mapema. Kemi wangu alikuwa na miezi saba, nimempeleka kliniki siku ya baridi, nimemvika sweta juu ya sweta kwa sababu nimeyafuma mwenyewe na nataka watu wayaone. Bibi Afya akaanza kuyavua moja moja mbele ya akina mama wote, akiyahesabu kwa sauti. Alipofika la nne akasema, "Huyu ni mtoto au ni belo la mitumba?" Benchi zima likaangua kicheko. Sikumsemesha miezi miwili. Yeye wala hakugundua, au alijifanya hajagundua: alikuja nyumbani zamu zake zilezile, akamtazama mtoto, akatafuna kahawa yangu, akaondoka.

Watu wanaomsifu sasa wanasahau vituko vyake. Alitukataza sukari, na mwenyewe chai yake ilikuwa vijiko vinne, anakoroga huku amekukazia macho usije ukathubutu kusema. Alihubiri maji ya kuchemsha kijiji kizima, na nimemwona kwa macho yangu akiinama chemchemini na kunywa kwa viganja. Alikuwa Mkatoliki, lakini akishatoka misa ya asubuhi alikuja kukaa nyuma kabisa kwenye ibada yetu ya Kilutheri, kwa sababu, alisema, Mungu anasikia pande zote ila ngoma ya vijana wenu ni nzuri zaidi. Bodaboda hakupanda hata ukimlipia. Wenye pikipiki walimfuata polepole wakimbembeleza, "Bibi, panda basi," naye anawajibu kwamba atapanda siku atakayokuwa hawezi kuwakataa.

Zahanati alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wauguzi wageni. Kabla mtoto hajatundikwa kwenye mizani, sharti ambebe kwanza yeye. Anafumba macho, anampima kwa mikono, anasema "huyu yuko vizuri" au "huyu hapana," ndipo mizani inaulizwa. Yeye na mizani wakipishana, anarudia vyote viwili. Sisi tulidhani ni majivuno ya mtu mzima anayetaka kuonekana ana mikono ya ajabu. Sababu yenyewe nilikuja kuisikia kwenye kilima cha chemchemi, Kemi wangu akiwa na miaka kumi na miwili, katika mwezi ambao nauonea aibu mpaka leo.

Mwezi huo walikuja vijana wawili wa chuo kikuu, wa kike na wa kiume, na boksi la saa nyeusi za mpira za kuhesabu hatua. Walitaka kujua watoto wa huku wanatembea kiasi gani, wanakimbia kiasi gani, wanalala saa ngapi. Darasa la sita zima likavalishwa mkononi. Wazazi tuliitwa, tukaelezwa, tukatia sahihi. Bibi Afya naye aliombwa asaidie, kwa kuwa watoto wamemzoea. Akawa anapita asubuhi kuangalia mikanda isiwabane na ngozi isiwawashe. Watoto walizipenda saa hizo kupita kiasi. Kemi alilala mkono uko nje ya blanketi ili saa isione giza.

Wiki ya kwanza ilipokwisha, vijana walisoma hesabu kwenye kompyuta yao, wakampa mwalimu mkuu nakala, wakamwambia ni ya walimu tu. Sasa mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema, lakini ni mtu wa matokeo. Ukimpa orodha yoyote ya majina, mkono unamwasha mpaka aipange. Alichukua karatasi la manila, akapiga mistari kwa rula: jina, hatua, nafasi. Wa kwanza mpaka wa hamsini na nane. Akalibandika ukutani pembeni ya matokeo ya mtihani wa majaribio.

Wa kwanza alikuwa Joas, mtoto wa jirani yangu, yule anayepiga ngoma kanisani kwetu. Wa mwisho alikuwa Kemi.

Habari nililetewa na mama Joas mwenyewe, nikiwa kwenye cherehani, nyuma yake wateja wawili. Akauliza kwa huruma ya kuchoma, "Mama Kemi, mtoto anaumwa? Maana nasikia hata mtoto wa mwenye duka, anayepelekwa shule kwa pikipiki, amemzidi hatua." Nikasema haumwi. Nikaendelea kushona, nikashona mkono wa gauni kwenye shingo.

Jioni nilimsubiri Kemi mlangoni. Mtoto huyu ndiye aliyekuwa analeta maji ya nyumba nzima kutoka chemchemi ya bondeni, safari moja asubuhi na mbili jioni, dumu kichwani, na siku zote nililalamika kwamba anachelewa. Nikamwambia, kumbe ukienda huko unakaa kupiga soga. Kumbe mimi nasubiri maji na wewe umekalia jiwe. Saa imekuumbua. Akasema, "Mama, natembea." Nikamwambia asinijibu. Akarudia, taratibu, "Natembea, mama." Nikakata kijiti cha mti wa kahawa nikamchapa. Nasema wazi, nilimchapa, na si kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeaibishwa mbele ya wateja.

Hakulia sana. Kuanzia kesho yake akawa mtoto mwingine. Akaamka kabla ya jogoo, nikamsikia anakimbia kuzunguka shamba la migomba. Shuleni akaenda kwa njia ndefu ya barabarani. Jioni anateka maji, halafu anakimbia tena. Chakula akawa anakigusagusa tu. Nikimuuliza, anasema ameshiba. Baadaye nilijua kwamba mwenzake darasani alimwambia wavivu ndio wanaonenepa, akaamua asile mpaka apande nafasi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwambia baba yake, unaona, fimbo imefanya kazi.

Siku ya kumi na mbili alianguka mstarini.

Nilipofika nilimkuta amelazwa kwenye benchi la ofisi ya walimu, Bibi Afya amekaa karibu yake na kikombe cha uji. Nikamwamkia. Hakuitikia.

"Mtoto huyu hajala vizuri tangu lini?"

"Anakula," nikasema.

"Mama Kemi, nimekuuliza tangu lini."

Kemi alikuwa ameshamwambia yote, hadi kijiti. Bibi Afya akauinua ule mkono mwembamba wenye saa. "Umemchapa kwa ajili ya hii?"

"Mashine haina sababu ya kudanganya, Bibi Afya."

"Na mtoto alikuwa na sababu gani?"

Nilikuwa bado nina hasira, lakini sikujua tena ni ya nani.

Kesho yake jioni alitukuta nyumbani. Kwanza alihakikisha Kemi amemaliza sahani, yeye amekaa mbele yake kama askari. Halafu akaomba ile saa akaivaa mwenyewe. Akachota konzi ya amwani kwenye kikapu changu, akaitia mfuko wa kulia wa sweta lake. "Kila hatua mia, punje moja inahamia mfuko wa kushoto," akasema. "Mama Kemi, chukua dumu dogo. Twende."

Tukateremka sote watatu kwenda chemchemini. Kushuka mikono mitupu, inaning'inia, punje na saa zilikwenda pamoja vizuri tu. Kule chini akazirudisha punje mfuko wa kulia, akajaza lile dumu dogo mwenyewe, akasokota ngata ya majani ya mgomba, akaniambia nimtwike. Nikamwambia, "Bibi Afya, umri huo waitu, tafadhali, nipe mimi." Akasema nisimpotezee hesabu. Akapanda na dumu kichwani, mkono mmoja umelishika juu, midomo inahesabu.

Katikati ya kilima akalitua apumzike. Kemi alikuwa ametangulia mbele. Ndipo aliponiambia, bila kunitazama.

"Nilikuwa mgeni kazini. Mama mmoja alileta mtoto, anasema hachezi, hataki kuamka. Nikampima. Uzito mzuri, tena umeongezeka. Nikamwambia mama, nenda nyumbani, mtoto mzima. Kumbe mtoto amevimba, Mama Kemi. Uzito ule ulikuwa maji. Ningembonyeza mguu kwa kidole ningeona. Sikumgusa. Wiki ya tatu nikaenda kwao kuhani msiba."

Nikasema pole. Nilikuwa sijui nitazame wapi.

"Mizani haikudanganya," akasema. "Ilipima kilichokuwepo. Mimi ndiye niliyeiuliza mizani nikaacha kumtazama mtoto."

"Na yule mama?"

"Nilimwomba radhi. Ilinichukua mwaka mzima kwenda. Nilimkuta anapalilia maharage, akanisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupalilia." Akainama kuchukua ngata. "Wewe usingoje mwaka. Mwombe radhi binti yako."

Hapo nikamshangaa. "Mzazi amwombe radhi mtoto?"

"Kwani aliyemkosea ni nani, jirani?"

Nikamtwika, tukapanda.

Nyumbani akamwaga punje za mfuko wa kushoto mkekani. Za safari ya kupanda zilikuwa kumi na nne. Tangu chemchemini saa ilikuwa imeongeza hatua mia na kitu, basi. Kemi akaitazama saa, akazitazama punje, akanitazama mimi. Bibi Afya akacheka mpaka akashika mbavu. Mkono umesimama juu ya dumu, saa inadhani mwenye mkono amesimama. Safari zote tatu za Kemi, kila siku, kupanda kilima chote kile, saa ilihesabu kama amekaa. Na Joas, ambaye wiki ile kwaya yake ilikuwa na mazoezi ya sikukuu, alikaa kwenye kiti anapiga ngoma jioni baada ya jioni, na mikono yake ikatembea mpaka ikawa ya kwanza.

Shuleni mwalimu mkuu hakukubali upesi. "Hivi ni vifaa vya kitaalamu, Bibi Afya," alisema kwa adabu. Bibi Afya hakubishana naye. Alimtafuta yule kijana wa kiume wa chuo, mwenye viatu vyeupe, akamwomba dakika kumi. Akamvika saa, akamtwika dumu, akamwambia azunguke uwanja mara mbili. Darasa zima lilitoka kutazama. Kijana wa watu alitembea kama anavuka daraja la kamba, maji yanamwingia kwenye kola, viatu vinageuka rangi ya udongo wetu, watoto wanagaragara kwa kicheko. Alipomaliza akaisoma saa, akakaa chini kwenye nyasi.

"Kumbe," akasema. Kisha akasema alijua kwamba saa hizi zinasikiliza mkono, alisoma hivyo, lakini hakuwahi kufikiria dumu. Alisimama na shati lake lililolowa, akawaambia watoto kwamba kosa ni lake na mwenzake, na kwamba hakuna aliyekuwa wa mwisho. Mwalimu mkuu, nampa haki yake, alikwenda mwenyewe kubandua lile karatasi, akalikunja mbele yao.

Ikaamuliwa saa zihamie mguuni. Mikanda haikutosha, nikajitolea kushona vifuko vya kitambaa vya kufunga juu ya kifundo, hamsini na nane, bure. Nilishona siku tatu. Nilijiambia kwamba huko ndiko kuomba radhi kwangu, na kwamba Kemi ameelewa.

Safari hii matokeo hayakubandikwa. Kila mtoto aliitwa peke yake akaambiwa yake. Kwenye kikao cha wazazi, bila jina la mtu, tuliambiwa tu kwamba wasichana wanaoteka maji wanatembea kuliko mtu yeyote darasani, na wanalala kidogo kuliko wote. Halafu baba Joas, ambaye huwa hasemi, akasimama akasema kwamba hata wavulana wana vichwa. Leo ukipita chemchemini jioni utakuta wavulana nao, wengi na baiskeli, wanabishana zamu. Si wote. Lakini wapo, na Joas ndiye mwenye kelele zaidi.

Kemi alirudi kula. Mwili ulirudi, mbio za alfajiri ziliisha. Ila kitu kimoja hakikurudi. Alikuwa mtoto wa kunisimulia. Nikishona anakaa kwenye mabaki ya vitambaa ananiambia nani kafanya nini. Sasa nikimuuliza shule imekwendaje, "nzuri." Nikimtuma anakwenda. Heshima tele, maneno hakuna. Nilijifariji kwamba ni umri.

Bibi Afya hakujifariji na lolote. Kila tulipokutana, sokoni, msibani, hata siku moja mlangoni mwa kanisa, aliniuliza neno moja tu, "Bado?" Nami ninamjibu, "Bado." Anaguna anakwenda zake. Watu walidhani nina gauni lake sijalimaliza. Kuna siku nilimwona kwa mbali nikakatisha shambani kwa mtu. Nisingeweza kukueleza ugumu ulikuwa wapi. Maneno yenyewe ni mawili. Lakini mimi mama yangu hakuwahi kuniambia hayo, wala bibi yangu hakumwambia mama, na mdomo huu mkali ulikuwa haujui unaanzaje.

Miaka ilikwenda. Kemi akaingia sekondari, shule ya bweni. Bibi Afya miguu ikaanza kumkataa, mwanawe mtumishi wa serikali akaja kumchukua akakae naye mjini Rubwera. Aliondoka kwa gari, amenuna.

Likizo iliyopita nikamwambia Kemi twende tukamwone. Sasa yuko kidato cha tatu, amenipita kimo. Tulimkuta Bibi Afya amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, amepungua sana. Kemi akapiga goti, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Tukampa ndizi na maharage tuliyobeba. Akauliza mvua. Akauliza nani amezaa, nani amefiwa. Akalalamika kwamba mkwewe anampimia sukari kijiko kimoja. Nikawa nasubiri lile neno lake. Nilikuwa nimeshaandaa hata sauti ya kulijibu.

Hakuliuliza. Alinitazama mara moja, macho yamechoka, akageukia mambo mengine, na nikaona kwamba halitaulizwa tena. Ameniachia.

Nilifungua mdomo niseme habari za bei ya kahawa, nikasikia ninasema kitu kingine.

"Kemi. Ile siku ya saa, nilikuchapa. Uliniambia unatembea, na ulikuwa unatembea kweli. Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

Bibi Afya akawa anatafuta kikombe chake, ambacho kilikuwa mkononi mwake. Kemi akainama akalinyoosha blanketi magotini mwa Bibi. Nikamkumbuka yule mama wa maharage, nikasema moyoni, naye ana haki ya kuendelea kupalilia.

"Nilijua utasema, mama," akasema Kemi. "Bibi aliniambia nikusubiri."

"Lini?"

"Tangu darasa la sita. Kila akinikuta ananiambia, mama yako yuko njiani, usimfungie mlango."

Nikamgeukia Bibi Afya. Miaka yote ile alikuwa ananisukuma mimi huku, na kule anamshika mtoto mkono asikate tamaa na mama yake. Machozi yalinitoka pale barazani kwa watu, wala sikuyafuta.

"Kawia ufike," akasema Bibi Afya. "Lakini wewe, Mama Kemi, umekawia mpaka nimekaribia kufa."

Kemi akacheka, nami nikacheka na makamasi yangu. Tulikaa mpaka mwanawe akarudi kazini. Kisha tukaaga, tukaenda stendi, na njia nzima mpaka Songambele Kemi alinisimulia mambo ya bweni bila kupumua, hata yale ambayo mama hapaswi kuyajua.